Mashine ya Kumsemea Baba

Mama yangu hana breki. Nilimwambia kwenye simu kwamba huenda ningeweza kuifanya kompyuta imsemee baba, na nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilisema "huenda". Neno hilo halikupanda mlima. Lilibaki huku Same mjini, kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi, na kilichofika nyumbani kwetu Mamba ni kwamba kijana wao, injinia, anatengeneza mashine, na mzee ataongea siku ya posa ya binti yake. Jumapili mama akawaomba akina mama wenzake kanisani waniombee. Wakaniombea kwa jina, kwa sauti, usharika mzima ukisikia.

Injinia! Mimi nina diploma ya kompyuta, na kazi yangu ya kila siku ni kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Lakini mama alishaoga sifa, na mimi, niseme ukweli, sikukimbilia kuzifuta. Zilikuwa tamu kwanza. Uchungu ulikuja baadaye.

Baba alikuwa na sauti, jamani. Alikuwa besi ya kwaya, na siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji ya kuzibua mifereji na kutengeneza barabara, hakuhitaji baragumu wala kengele. Alisimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba akaita, na watu wa bonde la pili wakachukua majembe. Kisha ukaja uvimbe kooni. Madaktari walimwokoa, tunawashukuru mpaka leo, lakini walipoondoa uvimbe waliondoa na sauti. Sasa anapumulia tundu shingoni analolifunika kwa kitambaa cheupe, na akitaka kusema neno anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, kisha anakugeuzia kioo usome. Ukiwa mbali, basi. Ukiwa na haraka, basi vilevile.

Mdogo wangu wa kike akapata mchumba, kijana wa Ndungu, watu wa mpunga huko bondeni. Sasa kwetu, siku wageni wanapokuja kuchukua jibu, mwenye mji ndiye anayetamka kwamba amewapa, kwa Chasu, Kipare chetu, mbele ya watu wote. Kama amekufa, anatamka ndugu yake. Baba mdogo, kwa roho safi kabisa, alijitolea kusema badala ya kaka yake. Baba akachukua simu, akaandika taratibu, akamgeuzia kioo: "Mimi sijafa."

Baba mdogo akacheka akidhani ni utani. Baba hakucheka. Akaondoka kwenda kuangalia tangawizi yake na siku hiyo hakumwandikia mtu yeyote kitu. Tukaelewa. Alitaka kumtoa binti yake kwa neno lake mwenyewe, akiwa hai, siyo kuketi pale kama picha ya marehemu huku mwingine akimsemea.

Programu za kusoma maandishi kwa sauti zipo, hata za Kiswahili. Nilimwekea moja kwenye simu, ikasoma Chasu kama mtalii aliyepewa kitabu cha nyimbo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba akaifuta. Ndipo nikapata nyingine mtandaoni, ya bure, ya zamani kidogo, ambayo unaweza kuifundisha lugha yoyote: unarekodi vipande vya matamshi, yenyewe inaviunga kuwa maneno. Nikajifungia kibandani, nikajifunika blanketi kichwani ili kelele za malori ya barabara kuu zisiingie, nikarekodi matamshi ya Chasu mpaka koo likakauka. Nilimuuliza baba kama haitamkera kusikika kwa sauti yangu. Akaandika: "Maneno ni yangu. Wewe niazime koo tu."

Kazi ilipoanzia kunitoa jasho ni hapa. Programu ile haikuja imeiva. Ilikuja ikiwa msimbo mtupu, maandishi kama alivyoyaandika mtunzi wake, na wewe mwenyewe ndiye unayeikompaili, yaani unayageuza maandishi hayo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kwanza kompyuta inalitafsiri kila faili peke yake. Ndani ya faili moja mtunzi amesema tu, "Hapa ataitwa fulani aje aunge sauti," bila kueleza huyo fulani anakaa wapi. Hatua hiyo inapita, maana ahadi inakubaliwa. Mwishoni ndipo inapokuja linka, programu inayoyaunganisha mafaili yote yawe kitu kimoja. Linka haina undugu na mtu. Inauliza: huyu aliyetajwa yuko wapi? Asipoonekana, kazi yote inasimama, na unamwagiwa mistari ya makosa mpaka kioo kinajaa, kila mstari ukisema kuna jina limetajwa na mwenyewe hajulikani alipo.

Mara ya kwanza nilikuwa na haki ya kukosea. Programu ilitegemea maktaba, maana yake mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, na mimi sikuwa nayo. Nikaipakua. Linka ikaikataa, kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya aina nyingine ya mashine. Nikatafuta msimbo wake, nikaikompaili upya hapa hapa kwangu. Nikajisifu, nikanunua soda. Nikabonyeza. Makosa yakamwagika upya, yale yale, "aliyetajwa hajulikani".

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Maktaba ninayo! Niliifungua, nikatafuta ndani, jina ninaliona kwa macho yangu, herufi kwa herufi. Nikaionyesha linka folda ilipo. Nikaandika upya amri nzima, ule mstari unaotaja majina ya mafaili yote ya kuunganishwa. Linka: simjui. Niliitukana matusi ambayo baba, mzee wa kanisa, hapaswi kujua kwamba mwanawe anayajua.

Nje ya kibanda changu hupaki bodaboda wanaopeleka watu milimani. Vijana wale walishayasikia yote, maana abiria wao ndio hao hao akina mama wa maombi. Kila nikifungua mlango asubuhi: "Injinia! Mzee ameshaongea?"

"Imebaki kidogo," nasema.

"Imebaki kidogo" hiyo hiyo nilimpa mama kwenye simu, nikampa mdogo wangu, nikampa mchungaji aliyekuja kutoa kopi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nimeisikia tangu utotoni na haikunisaidia hata kidogo. Nilianza kufungua kibanda kwa kuchelewa ili bodaboda wawe wameshapata abiria. Mtu mzima, najificha na waendesha pikipiki.

Mwishoni nikameza kiburi, nikauliza kwenye jukwaa moja la mafundi huko mtandaoni. Nilijieleza kwa adabu zote, karibu niwaamkie shikamoo. Jibu lilikuja haraka, mstari mmoja, kwamba swali hili la wanaoanza limeshajibiwa mara nyingi, soma hapa, na kiungo cha kubonyeza. Uso ulinishuka nikiwa peke yangu ndani ya kibanda. Wanaoanza! Mimi ninayeombewa kanisani! Wapare tunasifiwa kwa ubishi, na siku hiyo sikuangusha kabila. Nikafunga ukurasa bila kubonyeza kile kiungo. Laiti ningebonyeza, ningemaliza kazi kabla chai haijapoa, na hadithi yote hii isingekuwepo. Nikiikumbuka nasikia joto masikioni hata sasa.

Siku ya posa ikafika. Nilipanda bodaboda na laptopu kifuani ndani ya koti, ukungu umefunika barabara, dereva akinipigia kelele akiwa mbele kwamba leo ndiyo leo. Nilifika nikakuta nyumba imejaa. Akina mama wako nyuma na masufuria ya pilau, shangazi anagombana na mtu kuhusu vijiko. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na kitambaa kipya shingoni, kimepigwa pasi. Aliponiona na laptopu, akaipigapiga kifuniko kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemgusa ndama mgongoni. Sikuweza kumtazama.

"Imebaki kidogo, baba," nikasema.

Nikajibanza kwenye kona ya sebule karibu na soketi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba nitagundua kitu, muujiza fulani, yale maombi yafanye kazi. Nabadilisha hiki, nabonyeza, makosa. Nabadilisha kile, nabonyeza, makosa. Kila anayepita ananiinamia: "Vipi, inaongea?" Watoto wa shangazi wakaja kusimama nyuma yangu wakisubiri sinema. Wageni wa Ndungu nao wakafika mapema kuliko tulivyotarajia. Wakaingia, wakasalimiwa, wakaketishwa, wakapewa chai ya tangawizi, na mimi bado niko pale na mistari yangu, shati limelowa mgongoni.

Baba akaja akasimama pembeni yangu. Akanigusa bega. Sikugeuka. Akagusa tena, nikaona kwa pembe ya jicho simu yake inakuja mbele ya uso wangu, kati yangu na kioo.

"Baba, hebu niache kwanza!" nikasema. "Huoni kazi yenyewe ni yako? Kila saa simu, simu, simu!"

Nilisema kwa sauti ambayo ingefika bonde la pili. Mgeni mmoja alikuwa amenyanyua kikombe, akakishusha bila kunywa. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya maandazi. Ndipo macho yangu yakafika kwenye simu, ambayo mkono wa baba ulikuwa bado umeishikilia.

Ilikuwa imeandikwa: "Umekula?"

Baba aliirudisha simu mfukoni, akakiweka sawa kitambaa cha shingoni, akaenda kuketi mahali pake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinimaliza zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na laptopu yangu. Mama akapita, akaweka sahani mbele ya wageni, akanipita mimi kama kiti. Mdogo wangu, aliyekuwa chumbani na mashoga zake akisubiri kuitwa, alichungulia mlangoni akanitazama. Siku yake ilikuwa hiyo moja tu.

Ningeondoka, lakini kuondoka kungekuwa aibu juu ya aibu. Nikabaki nimekaa, mikono mapajani, kikao kikaanza. Mshenga wa upande wa kijana akasimama kusalimia. Salamu zikawa ndefu, habari za mvua, habari za mpunga, habari za tangawizi. Shangazi yangu, ambaye subira si kipaji chake, akaona anacheleweshwa na pilau linapoa, akadakia kwamba sisi hatuna neno baya, binti ni wao. Baba mdogo akamkata.

"Dada, tulia. Hawajaomba bado. Mtu hajaomba, unampa nini? Ngoja waombe, halafu mwenye nacho ndiye amalizie."

Watu wakacheka, hata wageni. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile amri yangu kwenye kioo, ile niliyoiandika na kuiandika upya, na kila mara niliipanga vilevile. Maktaba, kwa kuwa ndiyo kubwa, niliiweka mwanzo kabisa. Sikuwahi hata kulifikiria jambo hilo. Kwetu mkubwa anatangulia, kwenye maji ya kunawa, kwenye nyama, kwenye salamu, nami niliyapanga majina ya mafaili kama ninavyopanga viti vya wazee. Na linka inasoma mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, hairudi nyuma. Ilikuwa inaikuta maktaba kabla mtu yeyote hajaomba kitu, inaona haihitajiki, inaipita. Kisha wanakuja wenye shida, wanauliza fulani yuko wapi, na fulani ameshaachwa nyuma.

Nikalikata jina la maktaba pale mwanzo, nikalibandika mwisho. Nikabonyeza. Kioo kikakaa kimya. Nilifikiri imekwama. Haikuwa imekwama, haikuwa na la kulalamikia tu.

Nikajaribu neno moja kwa sauti ya chini, nimeziba spika kwa kiganja. Likasikika. Chasu, chetu kabisa. Hakuna furaha iliyonipata, naapa. Niliwaza tu kwamba nimemfokea baba yangu mbele ya wakwe kwa sababu ya jina lililokaa mahali pasipo pake, na jibu nilikuwa nimetupiwa bure nikalikataa.

Wakati huo mshenga alikuwa ameshaomba. Alisema yote, kwa heshima, akaketi. Watu wakamtazama baba, kisha wakamtazama baba mdogo. Baba alikuwa ametazama magoti yake. Baba mdogo akakohoa kusafisha koo, akaanza kuinuka.

Nikainuka mimi. Nilipita katikati ya wageni nimeinamisha kichwa, waya ukiburutika nyuma, nikapiga goti nikaiweka laptopu kwenye meza ndogo mbele ya baba. "Iko tayari," nikamwambia. Sikumtazama usoni.

Baba alikaa kidogo bila kuigusa. Nikasema moyoni, ataikataa, na ana haki. Kisha akavaa miwani, akanyoosha kidole kimoja, akaanza kuandika. Aliandika kwa muda. Baba mdogo akarudi kwenye kiti chake. Sebuleni ulisikia herufi zikigongwa moja moja, na kuku nje. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika waya. Akamaliza, akasoma tena alichoandika, akanitazama nimwonyeshe kitufe. Nikamwonyesha.

"Wageni wangu, nawasalimu," ikasema kompyuta.

Bibi mmoja wa upande wa Ndungu akasema, "Yesu wangu!" Mama akajiziba mdomo kwa kitenge. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka kuirekodi, na ilitembea polepole, kwa mwendo wa baba.

"Nina jibu, lakini kuna jambo linalotangulia. Mmefika hapa, na kabla hamjamaliza chai mmesikia mtoto wangu akinifokea. Ni mimi niliyemlea. Nawaomba mnisamehe. Sitoi binti kwenye nyumba yenye kinyongo."

Hakuna aliyetazama kompyuta. Walinitazama mimi, wote, wageni na wenyeji, kwa sababu sauti ilikuwa yangu. Mimi mwenyewe nilijisikia nikiomba radhi kwa ajili ya kijana mmoja asiye na adabu, na kijana huyo amesimama pale na waya mkononi, mdomo wake umefungwa. Machozi yalinitoka mbele ya watu wazima na sikuyafuta.

"Nisamehe, baba," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, haikuwa hata nusu ya ile ya mashine. "Nisameheni na nyie, wageni wetu."

Mzee wa Ndungu akasema wamesikia, yamekwisha. Lakini baba alikuwa ameshainama tena, kidole kinagonga. Safari hii hakuchukua muda, na kitufe alikibonyeza mwenyewe.

"Nimekusamehe, mwanangu. Sasa kaa chini. Nina neno la kusema."

Nikakaa pale pale sakafuni, na baba akaanza kuandika.